Ghala la theluji: mbolea ambayo mlima haukuiomba

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni wafadhili, katika semina ya utunzaji wa mazingira



 Tulipotuma ratiba ya semina, na ikaonekana kuwa asubuhi hii tutazungumzia theluji ya milima ya Marekani, mzee mmoja wa usharika alitupigia simu akatuuliza kwa upole: "Mratibu, ng'ombe wetu na theluji ya watu, wapi na wapi?" Mzee huyo yuko hapa, ameketi mstari wa pili. Tulimwomba avumilie mpaka leo, na tunamshukuru kwa sababu swali lake ndilo lililotupangia mazungumzo yetu. Tutakwenda kwanza hadi kwenye theluji hiyo, tuielewe vizuri, kisha tutarudi nyumbani kwenye mazizi yetu.

Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, theluji inatajwa kuwa ina ghala zake. Sisi tuliozaliwa chini ya Kilimanjaro tumeiona theluji kwa mbali tu, na pengine hatukulitilia maanani neno hilo. Lakini wataalamu waliofanya kazi juu milimani kwa zaidi ya miaka 40 wamethibitisha kuwa theluji ni ghala kweli. Hutunza maji, na pamoja na maji hutunza kila kilichoanguka nacho kutoka angani. Leo tunataka kuzungumzia kitu kimoja kilichomo katika ghala hilo, nacho ni naitrojeni.

Naitrojeni ni nini na inatoka wapi

Hewa tunayovuta humu ukumbini, asilimia 78 yake ni naitrojeni. Iko tele, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Ni kama fedha iliyofungiwa benki na wewe huna kitabu. Ili mmea uitumie, ni lazima kwanza ibadilishwe iwe amonia au naitreti. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na radi, na zaidi na bakteria, hasa wale wanaoishi kwenye mizizi ya maharage, kunde na mimea mingine ya jamii hiyo. Ndiyo maana wazee wetu walichanganya maharage na mahindi shambani bila kufundishwa na bwana shamba.

Mwaka 1909 mwanakemia wa Ujerumani, Fritz Haber, aliweza kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewani. Mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi hiyo iwe ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kilianza kazi huko Oppau, Ujerumani. Kutokana na ugunduzi huo tunapata yurea na mbolea nyingine za kukuzia tunazonunua dukani. Mamilioni ya watu duniani wanakula leo kwa sababu ya mbolea hizo, na hatupaswi kuzisema vibaya.

Hata hivyo, si mbolea yote iliyowekwa shambani huingia kwenye mmea. Nyingine huoshwa na maji. Nyingine huruka hewani ikiwa amonia, ile harufu kali inayochoma pua ukifungua zizi asubuhi. Vilevile injini za magari na mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe au gesi hutoa oksidi za naitrojeni. Vyote hivi hupanda angani, husafirishwa na upepo, halafu hushuka tena na mvua, vumbi au theluji. Kwa maneno mengine, mbolea inanyesha mahali ambapo hakuna aliyelima.

Bonde la Loch Vale

Katika jimbo la Colorado, Marekani, kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1915, iitwayo Rocky Mountain. Ndani yake, upande wa mashariki wa milima, kuna bonde dogo linaloitwa Loch Vale. Bonde hilo linaanzia karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari na kupanda hadi karibu mita 4,000. Hakuna shamba wala nyumba ya kuishi. Kuna misitu ya misprusi, mawe mengi, maziwa madogo yenye maji ya baridi sana, na barafu kidogo juu kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi walianza kupima maji, mvua na theluji ya bonde hilo. Aliyeongoza kazi hiyo kwa miongo mingi ni Dk. Jill Baron, mwanaikolojia wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia utafiti wa jiolojia, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Mwanzo wa kazi haukuwa naitrojeni. Wakati ule watu wote walikuwa na hofu ya mvua yenye tindikali, na wao walitaka kujua kama imefika milimani. Kila Jumanne, kiangazi na wakati wa baridi kali, mtu alipanda kwenda kubadilisha chombo cha kukingia mvua na theluji. Wakati wa baridi ilibidi wapande kwa miguu au kwa ubao wa kutelezea juu ya theluji. Kazi hiyo ilirudiwa wiki kwa wiki, mwaka hadi mwaka.

Tunawaomba mkumbuke hiyo Jumanne. Tutairudia mwishoni.

Theluji kama ghala

Katika milima ile, sehemu kubwa ya maji ya mwaka huanguka kama theluji. Huanza kurundikana mwezi wa Oktoba au Novemba, na kwa kuwa baridi ni kali, haiyeyuki. Kila theluji inayoanguka hulala juu ya ile ya jana. Chembe za naitreti na amonia zilizomo hazina pa kwenda. Zinakaa humo miezi sita au saba, mpaka rundo linapofikia kimo chake cha juu kabisa kati ya Aprili na Mei. Hapo utaona kuwa wenzetu wana ghala ambalo hujazwa kidogo kidogo na kufunguliwa mara moja kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna ghala hilo linavyofunguliwa ni jambo la kushangaza. Ninyi akina mama mnaouza barafu za juisi kwenye vifuko mnalijua tayari, ingawa hamkufundishwa darasani. Mtoto akinunua barafu, hufyonza kwanza rangi na utamu wote, na mwishowe hubaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Kwa nini? Kwa sababu maji yanapoganda husukuma sukari na rangi pembeni, nje ya barafu yenyewe, na kwa hiyo vitu hivyo ndivyo hutoka kwanza.

Theluji nayo ni hivyo hivyo. Ikikaa muda mrefu, chembe zake hubadilika, na chumvi zilizomo husukumwa hadi kwenye nyuso zake za nje. Maji ya kwanza kuyeyuka huosha sehemu kubwa ya chumvi hizo na kushuka nazo. Watafiti wa Norway walionyesha mwaka 1978 kuwa asilimia 30 ya kwanza ya maji yanayoyeyuka inaweza kubeba asilimia 50 hadi 80 ya uchafu wote uliomo katika theluji. Kwa hiyo viumbe wa kijito hawapati dozi ndogo ya kila siku. Wanapewa dozi ya miezi sita kwa muda mfupi, wakati maji bado ni baridi na mimea mingi haijaamka kula.

Chini ya theluji kuna kazi

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa udongo ulio chini ya theluji umelala. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliokuwa wakifanya kazi kwenye mgongo wa mlima uitwao Niwot Ridge, kusini ya hifadhi ile, waligundua mambo tofauti. Theluji nene hufanya kazi kama blanketi. Ikianguka mapema na ikawa nene, udongo haupoi kupita kiasi, na vijidudu vya udongoni huendelea kufanya kazi wakati wote wa baridi. Vijidudu hivyo hula naitrojeni na kuishikilia miilini mwao. Mwaka ambao theluji ni chache au imechelewa, udongo huganda sana, vijidudu hushindwa kufanya kazi, na naitreti nyingi zaidi huoshwa kwenda kwenye vijito.

Kwa hiyo udongo nao ni ghala, tena ghala lenye walinzi hai. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya naitreti inayoonekana katika vijito haikutoka moja kwa moja kwenye theluji ikapita. Ilipita kwanza kwa vijidudu hivyo, vikaibadilisha, halafu ikatoka. Mlima unapokea, unashika kadiri unavyoweza, na unapozidiwa, unaachia.

Shida ya mlima ni kwamba mkono wake wa kushikia ni mdogo. Udongo ni mwembamba, sehemu kubwa ni mawe matupu, na msimu wa mimea kukua ni wiki chache tu. Shamba la bondeni likipewa naitrojeni, mahindi huipokea kwa furaha. Mlima ukipewa kiasi hicho hicho, ni sawa na kumlazimisha mtoto mchanga kula sahani ya mtu mzima.

Kuna ghala la tatu, nalo ni barafu ya zamani pamoja na mawe yaliyochanganyika na barafu. Baada ya mwaka 2000, wapimaji wa Loch Vale waliona naitreti ikiongezeka katika kijito kwa takriban nusu, ikilinganishwa na miaka ya 1990. Naitrojeni iliyokuwa ikinyesha haikuongezeka kwa kiasi cha kueleza jambo hilo. Maelezo waliyoyatoa mwaka 2009 yalikuwa kwamba joto la kiangazi lilikuwa likiyeyusha barafu na kufunua tope na changarawe ambamo vijidudu hutengeneza naitreti. Mambo mawili tunayoyazungumzia kila siku kwa kutenganisha, yaani uchafuzi wa hewa na kupanda kwa joto, yalikutana katika kijito kimoja.

Ziwa lilivyobadilika bila mtu kuona

Mtu anaweza kusema: maji bado ni safi, watalii wanapiga picha, tatizo liko wapi? Ndilo swali ambalo wao pia walijiuliza. Wakatoboa tope la chini ya maziwa na kulitoa likiwa katika bomba, kama unavyotoa ndizi katika ganda lake bila kuikata. Tope la maziwa hujipanga tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Ndani yake kuna magamba ya mwani mdogo sana uitwao daiatomu, ambao huonekana kwa darubini tu. Kila aina ina gamba lake, kwa hiyo ukisoma tope unasoma historia ya ziwa.

Kwa miaka mingi sana aina za mwani zilikuwa zile zile, zinazopenda maji yenye chakula kidogo. Halafu, kuanzia miaka ya 1950 hivi, katika maziwa ya upande wa mashariki, aina nyingine zilianza kutawala, hasa ile iitwayo Asterionella formosa, ambayo hustawi palipo na naitrojeni. Miaka hiyo ndiyo ambayo miji ya chini ya mlima, kama Denver, ilikuwa ikipanuka, magari yakiongezeka, mbolea za viwandani zikienea na mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe yakikua. Upande wa magharibi wa milima, ambako uchafu ni mdogo, maji ya maziwa yana naitreti kidogo zaidi, na hata majani ya misprusi yana naitrojeni kidogo kuliko ya mashariki.

Kwenye majani ya milimani pia mabadiliko yalianza. Katika majaribio ya Niwot Ridge yaliyochapishwa mwaka 2006, ilionekana kuwa kilo 4 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka zilitosha kuanzisha mabadiliko katika mimea. Aina zinazokula haraka huongezeka, na zile zilizozoea umaskini wa udongo husukumwa pembeni. Hakuna mti ulioanguka wala samaki aliyeelea. Mabadiliko ya namna hii hayapigi kelele.

Kilo moja na nusu

Kutokana na historia ile ya tope, Dk. Baron alikadiria kiasi cha naitrojeni kilichokuwa kikinyesha wakati maziwa yalipoanza kubadilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Jibu lilikuwa kilo 1.5 kwa hekta kwa mwaka, inayoshuka na mvua na theluji. Wakati huo kiasi kilichokuwa kikinyesha kilikuwa kimefika kilo 3 hivi, yaani mara mbili ya kikomo.

Tuifanyie hesabu tunayoielewa. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kilo 1.5 ni sawa na yurea isiyofika kilo 3 na nusu, ikitawanywa katika hekta nzima, yaani karibu ekari mbili na nusu, kwa mwaka mzima. Mkulima wetu akiona mbolea ndogo hivyo atacheka. Mfuko mmoja ungetosha hekta 15! Lakini kwa ziwa la mlimani, hicho ndicho kilikuwa kikomo. Tunajifunza hapa kwamba kidogo au kingi hakipimwi kwa macho ya anayetoa. Kinapimwa kwa uwezo wa anayepokea. Jambo hili lina mafundisho hata kwetu tunaopokea na kutoa misaada.

Nani alaumiwe?

Hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu. Uchafu ulitoka kwa wenye magari, kwa mitambo ya umeme, kwa wafugaji na kwa wakulima, ndani ya Colorado na nje yake. Kila mmoja angeweza kusema kwa haki kwamba sehemu yake ni ndogo. Mfugaji anatengeneza nyama ambayo mtu wa mjini anakula. Mtu wa mjini anaendesha gari kwenda hifadhini kuangalia ziwa. Hakuna aliyekusudia kuharibu.

Mwaka 2007 serikali ya jimbo, shirika la hifadhi za taifa na idara ya mazingira ya nchi walikubaliana juu ya mpango wa kupunguza naitrojeni hatua kwa hatua: kilo 2.7 ifikapo mwaka 2012, kilo 2.2 ifikapo 2017, na kilo 1.5 ifikapo 2032. Lengo la mwaka 2012 halikufikiwa. Hatusemi hivyo kuwacheka. Tunasema kwa sababu walikuwa na vipimo vya kuwaambia ukweli, nao waliutangaza.

Kwa upande wa magari na mitambo, sheria za hewa safi za Marekani zilisaidia, na oksidi za naitrojeni zilipungua. Amonia ya mashambani na mazizini haikubanwa na sheria kwa namna hiyo, na sehemu yake katika naitrojeni inayonyesha imekuwa ikiongezeka.

Wakulima wakafanya jambo ambalo tungependa mlisikie vizuri. Wataalamu waligundua kuwa amonia haipandi mlimani kila siku. Siku nyingi upepo huvuma kutoka magharibi na kuipeleka mbali. Lakini zipo siku chache, hasa wakati wa masika yao na kiangazi, ambapo upepo hutoka mashariki, ukapanda mlima ukibeba mvua au theluji. Mwaka 2014 ulianzishwa mfumo wa tahadhari. Siku kama hizo zinapotarajiwa, mkulima au mfugaji aliyejiandikisha hutumiwa ujumbe. Akiweza, huahirisha kusafisha zizi, kugeuza mboji au kutawanya samadi kwa siku moja au mbili. Hakuna anayelazimishwa na hakuna anayetozwa faini. Mkulima anaombwa tu kujua kuwa kazi yake ya leo itafika mahali asipopaona.

Na sisi je?

Sasa tunamrudia mzee wetu. Ng'ombe wetu na theluji, wapi na wapi?

Kwanza tuseme wazi mambo yasiyofanana, ili tusipotoshane. Barafu ya Kilimanjaro siyo ghala la maji yetu kama theluji ya Colorado ilivyo kwao. Barafu hiyo imepungua kutoka kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2007, na inatuhuzunisha, lakini sehemu kubwa kabisa ya maji ya mito na mifereji yetu hutokana na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu. Anayelinda msitu ndiye anayelinda maji.

Pili, mashamba yetu hayana shida ya naitrojeni kuzidi. Yana njaa. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja na kukubaliana kuongeza matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Bara halikufika huko, na mwezi wa Mei 2024 walikutana tena Nairobi kwa jambo hilo hilo. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akasema Mratibu amekataza mbolea. La hasha!

Kinachofanana ni hiki: naitrojeni inayoruka au kuoshwa ni mali iliyopotea kwa mmoja na mzigo ulioongezeka kwa mwingine. Na hapa ni lazima tukiri kosa letu wenyewe kama ofisi ya miradi. Kwa miaka kadhaa tumegawa mitamba kwa familia, na katika kila taarifa tuliandika idadi ya mitamba, idadi ya ndama na lita za maziwa. Hatukuwahi kuandika neno hata moja juu ya samadi. Mwaka jana tulitembelea kihamba cha mama mmoja aliyekuwa mfano katika taarifa zetu. Ng'ombe wake alikuwa na afya nzuri. Nyuma ya zizi kulikuwa na rundo la samadi, juani na mvuani, bila paa. Mkojo wa ng'ombe ulitiririka moja kwa moja hadi kwenye mfereji ambao majirani wa chini huchota maji. Na yule mama alikuwa ametoka kukopa fedha kwenye kikundi ili anunue mfuko wa yurea.

Mkojo ule ndio ulikuwa yurea yake. Harufu ile iliyotuchoma pua ndiyo mbolea yake ikiruka. Tulimletea ng'ombe, hatukumsaidia kuweka ghala. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo matatu. Jambo la kwanza ni kwamba, kabla familia haijapewa mtamba, liwepo banda lenye sakafu inayokusanya mkojo, na shimo la samadi lenye paa, hata kama ni la migomba na nyasi. Samadi ichanganywe na majani makavu, ifunikwe, na ikipelekwa shambani ifukiwe siku hiyo hiyo. Pili, mabanda yasijengwe juu ya mifereji wala chemchemi, na yaliyopo yahamishwe au yawekewe kingo. Tatu, kila usharika uwe na kipima mvua na daftari. Watoto wa Kipaimara wanaweza kuandika kila asubuhi, na mara moja kwa mwezi kamati ipime muda ambao ndoo ya lita 20 inajaa kwenye chemchemi ileile.

Kwenu wafadhili wetu, tunasema haya kwa heshima na kwa upendo, tukijua mmetubeba siku nyingi. Mradi wa miaka mitatu hupenda kuonyesha matokeo ya miaka mitatu. Mtamba anapiga picha vizuri, shimo la samadi halipigi picha vizuri, na daftari la mvua halipigi picha kabisa. Lakini kama Loch Vale ingehukumiwa baada ya miaka mitatu, ingefungwa. Walianza wakitafuta tindikali, wakapata naitrojeni, na kikomo cha kilo 1.5 kilipatikana baada ya zaidi ya miaka 20 ya mtu kupanda mlima kila Jumanne. Tunaomba sehemu ndogo ya kila mradi iwekwe kwa ajili ya kupima, na iendelee hata mradi ukiisha. Vilevile tunaomba mkubali mitamba michache zaidi mwaka ujao, ili fedha itakayobaki iezeke samadi ya ng'ombe tulio nao tayari. Tunajua ombi hili litapunguza idadi katika taarifa zenu. Afadhali idadi ipungue kuliko kuandika tena ukurasa mzuri juu ya kihamba ambacho mbolea yake inakwenda kwa jirani kupitia mfereji.

Yule mama tuliyemtembelea amekwisha kuezeka shimo lake, kwa mabati mawili ya zamani na nguvu za vijana wa kwaya. Mwaka huu bado amenunua yurea, lakini nusu mfuko. Hatutatangaza ushindi kwa msimu mmoja. Tumemwomba aendelee kuandika, naye amekubali.

Mzee wetu wa mstari wa pili, tunatumaini tumejibu. Kama bado, muda wa maswali umefika, na tutaanza na wewe.